Kozi ya Kuwa Mzawa

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote. Mchora ramani aliwahi kuja, akasimama mpakani na kuuliza nchi inaanzia wapi. Afisa wa zamu hakuwa na hakika, lakini aliona ni aibu mgeni kulijua hilo, basi akanyoosha kidole kuelekea kokote. Mchora ramani akaenda huko kokote, na hajarudi mpaka leo. Nchi yenyewe inaitwa Jamhuri ya Tumefika. Tumefika wapi, sikuambiwa, nami kama raia mwema sikuuliza.

Ni nchi ya wajuzi. Ibara ya kwanza ya Katiba yetu ni fupi na tamu: "Kiongozi anajua." Kwa ajili ya ibara hiyo, neno "sijui" ni haramu kwa kila mwenye cheo, kuanzia balozi wa nyumba kumi hadi Mtukufu mwenyewe. Akilitamka hadharani, cheo kinamdondoka palepale, bila kikao wala barua. Ndiyo maana kwetu mambo yanakwenda haraka. Hakimu asiyeijua sheria hukata kesi asubuhi na mapema kabla hajagundulika. Daraja letu kubwa kuliko yote limejengwa pakavu, mbali kidogo na mto, kwa kuwa mhandisi alikuwa mtu wa cheo na hakuweza kumwuliza mchunga mbuzi mto ulipo. Tunalipenda sana daraja lile. Halijawahi kusombwa na mafuriko.

Sasa nitawaeleza jinsi serikali hii yenye huruma ilivyowafundisha wazawa kuwa wazawa.

*

Waziri wa Elimu ya Hewani alikuwa Mheshimiwa Daktari Kibwebwe, mtu mnene wa sauti na mwembamba wa subira. Udaktari wake aliupata kwa njia ya mtandao, katika kozi aliyoifundisha mwenyewe. Alijipa alama za juu, ingawa si zote, maana ni mtu wa haki.

Mwaka huo alifika Bwana Rolfo, tajiri wa kutoka nchi za baridi, akitaka kununua hewa. Msicheke. Viwanda vyake vinatoa moshi mwingi, na imeamuliwa huko wanakoamulia mambo kwamba mwenye kiwanda akinunua hewa safi ya msitu wa watu wengine, moshi wake unahesabiwa kuwa umetakata. Msitu alioupenda ni wa Kindaro. Humo wanaishi Wahondo, watu wa asali na mizizi, waliokuwamo tangu Tumefika haijafika. Mkataba ulikuwa na masharti mawili. La kwanza, hewa iuzwe na wazawa wenyewe, kwa hiari na kwa saini. La pili, ikishauzwa, mtu asiingie tena msituni kuipumua bure.

Baraza la Mawaziri likaketi. Jambo lenyewe lilikuwa dogo: mzawa ni nani? Kwa kuwa hakuna waziri aliyeweza kuuliza, wote walijibu kwa pamoja, na kelele zilipotulia ikaonekana kwamba Daktari Kibwebwe ndiye aliyejibu kwa sauti kubwa zaidi. Mzawa, alisema, ni mtu mwenye cheti cha uzawa. Cheti hutolewa kwa aliyefaulu mtihani. Mtihani hutungwa kutokana na kozi, na kozi atafundisha yeye, kwa mtandao, akiwa mjini, ili asiwasumbue wazawa kwa kuwatembelea. Atakayefaulu atakuwa Mzawa Aliyethibitishwa na atakuwa na kauli juu ya msitu. Atakayefeli atakuwa mgeni, na wageni wataondoka Kindaro kabla ya mvua za kwanza, kwa heshima zote wanazostahili wageni.

Wakapiga makofi. Waziri wa Maji akalia.

*

Ili isisemwe kwamba wazawa wametupwa, wizara ikamteua Afisa wa Kuwasaidia Wanafunzi Wazawa. Huyu alikuwa Zamoyoni Kichele, mwalimu kijana aliyekuwa bado anaamini kwamba semina huwa zinahusu kile kilichoandikwa kwenye bango. Cheo chake kilikuwa kidogo mno hata Katiba haikukitaja, kwa hiyo alikuwa na uhuru mkubwa wa kutojua.

Alifika Kindaro na msafara wa punda waliobeba vishikwambi, kimoja kwa kila mwanafunzi, pamoja na sanduku zito lililoandikwa UMEME. Walipolifungua wakakuta picha kubwa ya bwawa, katika fremu nzuri ya mninga. Mtandao ulikuwapo, kama wizara ilivyoahidi, ila ulipatikana juu ya Jabali la Kobe peke yake, na huko mtu ilimpasa asimame akiwa ameinua kishikwambi juu ya kichwa kama anayeomba asipigwe. Zamoyoni ndiye aliyejitolea kuwa mlingoti. Kishikwambi chake kikiwa juu, vya wenzake vilipata uhai. Akishusha mkono, Waziri aligeuka jiwe na mdomo wake ukabaki wazi.

Aliyempokea ni Nange, mwanamke wa makamo, mkavu wa mwili na wa maneno, ambaye Wahondo humtanguliza panapokuwa na mgeni. Alimsikiliza Zamoyoni mpaka mwisho, akamkaribisha maji, kisha akauliza.

"Tukishindwa, mwalimu?"

"Mtaondoka, mama."

"Na tukishinda?"

"Mtaulizwa kama mnakubali kuuza hewa. Mwenye cheti ana haki ya kukataa. Imeandikwa."

"Basi tutasoma," alisema Nange.

Akamchukua kwenda kumwonyesha mti mmoja mkubwa wenye mzinga katika uma wa matawi. Kwa Wahondo, kitovu cha mtoto huzikwa penye mizizi ya mti wa namna hiyo, na asali ya mti ule huwa yake mpaka anapokufa, halafu hurudishwa yeye mwenyewe pale pale. Chini ya mti ule kilikuwapo kitovu cha Nange na alikuwapo mama yake.

"Nataka nilale hapa," alisema, kama mtu anayechagua mahali pa kutandika mkeka. "Sitaki kulala kwa watu."

*

Masomo yalifunguliwa kwa wimbo rasmi wa kozi, uliotungwa na kamati:

Tumefika tumefika, wa nyuma watufuate,
Elimu imemwagika, hewani muiokote,
Asiyejua kushika, vidole na avikate,
Kujua ni kwetu sote, kuuliza uhaini.

Wahondo waliuimba wote, wakiangalia vidole vyao.

Kisha Daktari Kibwebwe akatokea kwenye vioo, amevaa suti na mgongoni ngozi ya chui iliyoshonwa kwa katani. Nyuma yake palikuwa na miti ya plastiki, na katika mti mmoja kunguru wa plastiki mwenye bei bado shingoni. Somo la kwanza lilikuwa "Kuifahamu Asali." Waziri akainua chupa ya dukani, akaigonga kwa kalamu na kusema kwamba hiki ndicho kimiminika ambacho mababu zenu, pasipo wao kufahamu, walikuwa wakikila. Somo la pili lilikuwa "Msitu: Changamoto na Fursa." La tatu lilimfundisha mzawa kutembea msituni bila kupotea, nalo lilirekodiwa katika maegesho ya magari ya wizara.

Wahondo ni watu wa adabu. Walisikiliza kila neno. Walicheka kwa mabega tu, uso umetulia, kama watu wanaobebeshwa mzigo. Hakuna aliyekosa kipindi. Vikongwe walipanda Jabali la Kobe wakishikwa mikono, wawiliwawili. Zamoyoni, mkono juu, machozi yalimlengalenga kwa fahari.

Kisha likaja zoezi. Kioo kikaandika: "Nyuki ana miguu mingapi? Bofya jibu sahihi."

Hakuna aliyebofya.

Zamoyoni akadhani vishikwambi vimekwama. Akavizima na kuviwasha. Swali likarudi. Wahondo wakatazamana, na nyuso zao, zilizokuwa na kicheko kilichofichwa, zikafunga kabisa. Kijana mmoja akaweka kishikwambi chake chini kwa upole, akashuka jabali, asigeuke nyuma.

"Mama Nange, kuna nini?" aliuliza Zamoyoni. "Hili mnalijua."

"Ndiyo. Na yeye je, halijui?"

"Waziri? Analijua. Ndiye aliyelitunga."

"Basi ametuita wezi," alisema Nange.

Hapo ndipo Zamoyoni alipofahamu jambo ambalo kamati nzima ya mitaala haikulifahamu. Kwa Wahondo, swali ni kitu cha mwenye shida. Mtu humwuliza mwenzake kile ambacho yeye hana, kama anavyoomba moto. Kuna mahali pamoja tu ambapo anayejua humwuliza mwenzake anachokijua: pale mtu anapokamatwa karibu na mzinga usio wake, asali ikimchuruzika viganjani. Huyo ndiye huwekwa katikati na kuulizwa, "Hapa ni wapi? Huu ni mti wa nani? Nyuki ana miguu mingapi?" mpaka aone haya. Mtu mwema akikosewa kwa swali kama hilo, adabu ni kumpa aliyeuliza nafasi ya kujirudi. Humwambia, "Kwani hujui?" Akisema hajui, hujibiwa kwa furaha. Akisema anajua, huambiwa "Basi," na neno huishia hapo, watu wasije wakatoana damu.

*

Zamoyoni alipiga simu wizarani akiwa juu ya jabali, na kwa bahati akaunganishwa na Waziri mwenyewe. Akamweleza yote. Akapendekeza, kwa unyenyekevu, kwamba ili kozi ifundishike, basi wizara iwaulize Wahondo mambo ambayo wizara haiyajui. Alisema watajibu vizuri sana. Alisema hata kozi yenyewe huenda ikanufaika.



"Kijana," alisema Daktari Kibwebwe. "Serikali imwulize mwananchi kitu isichokijua?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Nitajie kitu hicho."

Zamoyoni, maskini, akaanza kutaja. Hakuwa amefika mbali alipokatiwa simu. Jioni ile akapokea ujumbe wa kumpongeza kwa ubunifu wake na kumwarifu kwamba tatizo la wanafunzi limeshatambuliwa kitaalamu: ni utoro wa vidole. Dawa yake ni mtihani wa ana kwa ana, wa kioo kwa kioo, utakaorushwa moja kwa moja nchi nzima, ili wazawa waone aibu wakajibu.

Alimwendea Nange akamsihi. Alimwambia ajibu tu, hata kama ni tusi, ameze. Ni maneno, yatapita, na mti utabaki.

Nange alifikiri. "Ukikubali kujibu swali la mwizi," alisema, "umekiri umeiba. Watanipa cheti cha kwamba msitu huu niliuiba. Halafu watautaka."

Zamoyoni, kwa kuwa cheo chake kilimruhusu, akasema: "Mama, sijui nikushauri nini."

"Hiyo ni kauli ya mtu," alisema Nange, akampa sega la asali.

*

Siku ya mtihani serikali ilileta dishi kubwa, jenereta na zulia jekundu, vyote vikapandishwa jabalini. Taifa zima lilikuwa mbele ya televisheni. Nange aliketishwa mbele, na kwa kuwa alikuwa mwanafunzi, alibandikwa kifuani karatasi yenye jina lake kwa herufi kubwa.

Daktari Kibwebwe akajitokeza. Alihutubia kwanza kuhusu elimu kama ufunguo, kisha kama taa, kisha kama ngazi, mpaka vifaa vya nyumbani vikamwishia. Ndipo akaanza.

"Nyuki ana miguu mingapi?"

"Kwani hujui?" alisema Nange kwa upole.

"Najua."

"Basi."

Waziri akatabasamu kwa ajili ya taifa. Akapekua karatasi.

"Huu ni msitu gani?"

"Kwani hujui?"

"Mimi? Najua kabisa."

"Basi."

"Mama, hebu tuanze na rahisi. Jina lako nani?"

Nange akajitazama kifuani, akamtazama tena Waziri, na safari hii sauti yake ilikuwa na huruma. "Limeandikwa hapa. Kwani baba hujui kusoma?"

"Najua kusoma! Mimi ni daktari!"

"Basi," alisema Nange.

Waliitwa wengine, kikongwe kwa kijana, na kila mmoja alimpa Waziri nafasi ya kujirudi, na Waziri kila mara aliikataa. Wahondo wote wakapata sufuri. Mchambuzi wa televisheni alieleza kwamba matokeo haya yanadhihirisha uhitaji mkubwa wa kozi.

Hata hivyo kozi haikukosa matunda. Kabla ya kuwapelekea Wahondo, wizara ilikuwa imeifanyia majaribio kwa watumishi wake, na hao walikuwa wamefaulu wote: wakurugenzi, makatibu muhtasi, na mpwa wa Waziri ambaye siku ya mtihani alikuwa ng'ambo. Kwa hiyo ilipotangazwa rasmi, Wahondo wa Jamhuri yetu wakawa ni wafanyakazi wa Wizara ya Elimu ya Hewani, na Daktari Kibwebwe, aliyeongoza kwa alama, akawa Mhondo Mkuu. Wale wa Kindaro wakapewa vitambulisho vilivyoandikwa MGENI na kuambiwa wafungashe. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa milima.

Mimi sioni kosa lolote hapo. Kila hatua ilifuata utaratibu.

*

Ikabaki saini. Bwana Rolfo alisema hawezi kununua hewa asiyoiona inakotoka. Alitaka wazawa wamtembeze, wamwonyeshe mipaka, kisha mkataba utiwe saini hukohuko. Basi Wahondo wapya wakaletwa kwa mabasi yenye viyoyozi, wamevaa ngozi zilizokodishwa. Wengi hawakuweza kukaa chini kwa sababu katani iliwachoma. Kamera zilikuwapo, na Mhondo Mkuu alibandikwa kipaza sauti kidogo kolani ili taifa lisikose neno lake hata moja. Mlinzi alimfuata akimshikia mwavuli.

Itifaki ilitaka sherehe iwe na wageni waalikwa. Kwa kuwa watu wa Kindaro walikuwa na vitambulisho vya wageni, na hapakuwa na wageni wengine karibu, wakaalikwa wao. Walikuja. Nange alikuja na kibuyu begani.

"Msitu wenu unaishia wapi?" aliuliza Bwana Rolfo, kwa Kiswahili chake cha kununua.

Daktari Kibwebwe hakusita hata kidogo. "Pale," alisema, akaongoza njia.

Alitembea vizuri, kifua mbele, kama alivyofundisha katika somo la tatu. Alipinda kushoto kwa kujiamini. Alipinda kulia kwa kujiamini zaidi. Walivuka korongo, wakapenya vichaka vya miiba vilivyobaki na vipande vya ngozi za kukodi, wakatokea kwenye jiwe lenye umbo la kiti. Wakaendelea. Baada ya muda mrefu wakatokea kwenye jiwe jingine lenye umbo la kiti, nalo lilikuwa na kofia ya Katibu Mkuu aliyoisahau mara ya kwanza.

"Huu ndio mpaka?" aliuliza Bwana Rolfo.

"Huu ni mpaka wa ndani," alisema Waziri.

Jua lilikuwa kali. Maji ya chupa yalikuwa yamebaki kwenye mabasi, na mabasi yalikuwa yamebaki kusikojulikana, ingawa Waziri alisema anakujua. Wageni waalikwa walifuata nyuma bila haraka, na wanawake wao walianza kuimba kwa sauti ya chini, kama wanaobembeleza mtoto:

Mjuzi amepotea, na njia aijuayo,
Kiu imemlemea, na maji ayajuayo.

Ulimi wa Waziri ukawa kama gome. Akasimama, akawageukia wageni, akavuta pumzi na kuuliza kwa njia pekee aliyoifahamu.

"Swali. Maji yako upande gani? Alifu, mashariki. Be, magharibi. Te, majibu yote ni sahihi."

"Kwani baba hujui?" alisema Nange.

Watumishi wote wa wizara wakamtazama mkubwa wao. Nchi nzima ikamtazama.

"Najua," alisema.

"Basi."

Bwana Rolfo akajitokeza mbele. Alikuwa mwekundu kama pilipili na viatu vyake vilikuwa vimefumuka. "Mimi sijui," alisema. "Mama, maji yako wapi?"

Ingelikuwa vizuri mngeona jinsi wageni wale walivyochangamka. Watu watatu walimjibu kwa pamoja, wa nne akamshika mkono. Maji yalikuwa papo hapo, nyuma ya jiwe lenye umbo la kiti, chemchemi ya baridi iliyofunikwa na majani mapana. Bwana Rolfo akalala kifudifudi akanywa. Akauliza huu ni mmea gani, akaambiwa. Akauliza msitu unaishia wapi, akaelezwa mto kwa mto, na nani anazikwa upande gani. Alikuwa anauliza na kunywa, kunywa na kuuliza.

Wahondo wapya hawakunywa. Wangekunywaje maji ambayo hawakuyaonyesha wao? Walisimama wamejipanga kwa vyeo, wakiyatazama. Daktari Kibwebwe alisimama mbele ya wote, midomo imepasuka, macho kwenye maji, mikono nyuma kama anakagua gwaride.

Nange alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akamkaribia, akamwuliza. Halikuwa swali la mtihani. Mama yule kwa kweli hakuwa na jibu, na alilitaka.

"Baba," alisema, "ni nini kinachokuzuia kunywa?"

Nadhani mtu yule hakuwahi kuulizwa chochote namna hiyo tangu apate cheo. Alifungua mdomo kutoa hotuba. Hotuba haikuja. Alitafuta ndani yake mwote, huku na huku, kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta hamna samani.

"Sijui," alisema.

Kipaza sauti kilikuwa kolani. Neno lile lilisikika katika kila nyumba ya Jamhuri, na wazee wanasimulia kwamba mabeseni yaliwadondoka watu mikononi. Mlinzi alisubiri kidogo, akitumaini labda kuna ufafanuzi. Hapakuwa na ufafanuzi. Sheria ni sheria. Akaufunga mwavuli.

Kibwebwe, ambaye sasa hakuwa na cheo, akapiga magoti akanywa. Alikunywa kama ndama. Nange alimshikia kibuyu.

Bwana Rolfo alikuwa na kalamu mkononi. Akamwambia Nange kwamba sasa ameridhika, wenyewe amewaona, na yuko tayari kutia saini naye. Nange akaipapasa karatasi.

"Hii hewa unayoinunua," aliuliza, "ni ya nani?"

Bwana Rolfo akafikiri. Tumseme kwa mengine, lakini alikuwa mkweli. "Sijui," alisema.

"Kwetu sisi," alisema Nange, akimrudishia karatasi, "anayechukua asali bila kumjua mwenye mzinga ndiye huulizwa nyuki ana miguu mingapi."

Bwana Rolfo aliondoka jioni ile. Nimesikia alinunua hewa ya nchi ya jirani, ambako hawana kawaida ya kuuliza.

*

Serikali ilichukua hatua. Amri ya kuwafukuza wageni Kindaro ilisimamishwa mpaka ijulikane ni nani aliyeitoa. Kwa kuwa hakuna kiongozi anayeweza kukiri kwamba halijui hilo, na hakuna aliye tayari kusema analijua, amri imesimama hapohapo hadi leo, na mvua zimenyesha juu yake. Kibwebwe hakutupwa. Wizara ilimwajiri kama mtaalamu wa pekee nchini mwenye uzoefu wa jambo lile, naye sasa anafundisha Kozi ya Mtandaoni ya Kutojua, Ngazi ya Cheti. Mtihani wake una majibu manne ya kuchagua.

Akateuliwa waziri mpya, mama mmoja kijana mwenye miwani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufunga jalada la kozi ya Kindaro, na jalada haliwezi kufungwa pasipo tathmini ya mwanafunzi. Basi Nange akaitwa tena juu ya Jabali la Kobe. Dishi lilikuwa limesharudishwa mjini, kwa hiyo Zamoyoni alisimama kama zamani, kishikwambi kimeinuliwa juu ya kichwa.

Waziri mpya akasoma swali kama lilivyoandikwa: "Je, serikali ifanye nini ili kuwafundisha watu wenu vizuri zaidi?"

"Kwani mama hujui?" alisema Nange.

Waziri akanyanyua macho kutoka kwenye karatasi. Akaangalia kushoto kwake, akaangalia kulia kwake. Katiba inakataza kutamka, haisemi kitu kuhusu shingo. Taratibu, akatikisa kichwa.

Uso wa Nange ukafunguka. Alikaa sawasawa, akavuta kanga yake vizuri, akawaita Wahondo waliokuwa chini ya jabali wapande, maana serikali imeuliza swali. Walipanda wote, na vikongwe wakishikwa mikono, wawiliwawili. Nange akasafisha koo, akaanza.

Hapo mtandao ukakatika.

Mjini, waziri mpya alikitazama kioo cheusi kwa muda unaotakiwa na kanuni. Alipoona kimya, akachukua kalamu akajaza: "Mwanafunzi hakujibu. Sufuri." Jalada likafungwa.

Juu ya jabali hakuna aliyemwambia Nange. Alikuwa ameshafika mbali, akieleza kwa mikono miwili, na watu wake wakimwongezea pale anaposahau. Zamoyoni alikitazama kishikwambi kilichozimika, akamtazama yeye, kisha akaushusha mkono wake polepole, akatafuta nafasi kati ya wazee wawili, akaketi asikilize.